Vifaa Vyote ni Sawa

Miaka mitatu Mwalimu alikuwa hasikii vizuri, na kwa miaka yote hiyo mitatu aliwalaumu wengine. Watu wa siku hizi, alisema, wanameza maneno. Watangazaji wa redio wanaongea huku wanatafuna. Binti yake, aliyempigia simu kila Jumapili kutoka mji mwingine, aliambiwa simu yake ni mbovu. Akanunua mpya, nayo ikawa mbovu vilevile. Aliyeujua ukweli tangu mwanzo ni mdogo wake wa kike, aliyekaa naye nyumba moja, na huyo alinyamaza kimya.

Mdogo mtu mwenyewe alikuwa kiziwi tangu utotoni. Akiwa na miaka mitano homa kali ilimwangusha kitandani wiki nne, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Alipoanza shule alivalishwa kifaa cha kusikilizia cha enzi hizo: kisanduku cha bati kilichofungwa kifuani kwa mikanda, na waya mbili zikipanda shingoni hadi masikioni. Dada yake ndiye aliyembandika jina la Kisanduku. Likamganda. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, mvi zimemjaa, na lile bati lilishatupwa zamani, nafasi yake ikachukuliwa na vifaa vya kuvaa nyuma ya sikio, lakini mtaa mzima bado ulimwita Kisanduku, hata watoto wasiojua jina limetoka wapi.

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Karakana yao ilikuwa na mashine ya kukatia karatasi iliyopiga kelele kutwa, kelele iliyowakimbiza vibarua kabla hata ya mwisho wa mwezi. Kisanduku alizima tu vifaa vyake, akashona kurasa kwa raha zake.

Dada yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ileile aliyosoma Kisanduku, kwa miaka kumi na tisa. Alipostaafu hakuondoka, akawa mwenyekiti wa kamati ya shule. Nyumba ya wazazi ilikuwa mkononi mwake, na Kisanduku akakaa chumba cha uani. Mwalimu hakuwa mtu wa kupandiwa sauti. Masikio yalipozidi kuharibika na mdogo wake akaanza kuinua sauti mezani, alipiga kijiko kwenye sahani.

"Usinipigie kelele, mimi si ng'ombe. Andika!"

Ndipo likaja daftari. Kisanduku aliandika alichotaka kusema, Mwalimu akavaa miwani, akasoma, na kabla hajajibu akachukua kalamu nyekundu akasahihisha makosa. Kila siku. Mdogo wake akiandika kwamba maji yamekatika, hurudishiwa daftari lina alama mbili nyekundu, kisha ndipo wanazungumza habari za maji.

Kilichomtia Mwalimu adabu ni mjane mmoja. Mama huyo alikuja ofisini kwa kamati kuomba mwanawe avumiliwe, kwa sababu mumewe alikuwa amefariki wiki ile. Mwalimu aliona midomo ikicheza, akaona uso mnyenyekevu wa mzazi aliyeleta habari, akatabasamu.

"Hongera sana," alisema. "Aendelee hivyohivyo."

Mama yule alilia mbele ya makarani. Kufika jioni, hakuna nyumba ambayo haikuwa imesikia. Wengine walimhurumia mjane, wengine walicheka hadi wakashika mbavu, na katibu wa kamati, mwanamume aliyewahi kuchapwa na Mwalimu akiwa darasa la tatu, alianza kusema waziwazi kwamba uchaguzi wa mwenyekiti uko wiki tano mbele na shule inahitaji mtu anayesikia.

Usiku ule Mwalimu hakula. Asubuhi alikwenda chumba cha uani, mahali ambapo kwa kawaida hakanyagi, akasimama mlangoni.

"Huyo mtu wako wa masikio," alisema, "anapatikana siku gani?"

Mpimaji wa masikio alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe, ambaye amemhudumia Kisanduku miaka sita. Alimweka Mwalimu kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akamvalisha vidude vya masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Kisanduku alimtazama dada yake kupitia kioo. Mwalimu alikaa wima kama yuko mbele ya gwaride, kidole kwenye kitufe, macho yamekodoka, akingoja. Milio ilipita mingi. Kidole hakikusogea.

Baadaye mpimaji alitandika kitambaa cha buluu juu ya meza akapanga vifaa. Cha kwanza kilikuwa cha kuvaa nyuma ya sikio, kama anachovaa Kisanduku, chenye mrija na kipande cha kuziba sikio. Cha pili kilifanana nacho ila chembamba zaidi. Cha tatu kilijaza sikio lote kama nta. Cha nne kilikuwa kidogo kupita vyote, punje ya mahindi yenye kiuzi cha kuvutia, kinachozama ndani kabisa mtu asikione. Na pembeni, kwa kuwa wapo wagonjwa waliokitaka bado, aliweka kile cha zamani cha mfukoni chenye waya.

Mwalimu alikiona hicho cha mwisho akaangua kicheko.

"Kisanduku! Kumbe bado vipo!" Akamgeukia mpimaji, akaongea kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Huyu alikuwa navyo. Watoto wenzake walikuwa wanainama wanaongea na kifua chake, kama wanaita mtu kisimani!"

Mpimaji alitabasamu nusu, kwa adabu.

"Na nikwambie kitu kimoja, mwanangu. Mimi sijui kupendelea. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa darasa lake. Ikaja imla ya mtihani, ile ya kuamua nani anaendelea na masomo na nani anabaki nyumbani. Nilijua huyu anasoma midomo. Basi nikasoma imla yote nikiwa nimetazama dirishani, nimewapa mgongo. Mwanzo hadi mwisho! Watu wasije wakasema Mwalimu kambeba mdogo wake." Alijigonga kifua. "Alipata sifuri. Lakini hakuna aliyenyoosha kidole kwangu."

Kisanduku alikuwa ameyasoma maneno hayo yote mdomoni mwa dada yake. Miaka arobaini na sita alikuwa akiamini kwamba siku ile Mwalimu alisimama dirishani kwa bahati mbaya, kwa sababu ya mwanga, kwa sababu ya joto. Mama yao ndivyo alivyomwambia, na yeye akakubali, akaenda kujifunza kushona kurasa za vitabu ambavyo wengine wangevisoma.

Mpimaji alikohoa, akamgeukia yeye.

"Mama, naona hanisikii, anaitikia tu kwa kichwa. Nisaidie kumwandikia. Masikio yake yameharibika sana kwenye sauti nyembamba, na matundu yake yana unyevu. Hiki kidogo hakina nguvu ya kumtosha. Kitapiga mluzi. Betri zake ni kama dengu, na mikono yake nimeiona inatetemeka. Mbaya zaidi, kwenye mkutano wa watu wengi atasikia makelele tu, hatashika neno. Achukue cha nyuma ya sikio. Hata kama hakipendi. Wewe ni mkongwe wa mambo haya, mweleze vizuri."

"Namweleza," alisema Kisanduku.

Mpimaji aliinuka kwenda kabatini kuchanganya ute wa kuchukulia umbo la sikio. Kisanduku alifungua daftari. Aliishika kalamu kitambo kidogo. Hakuwa amepanga chochote alipotoka nyumbani, na baadaye angekula kiapo juu ya hilo. Kisha mkono wake uliandika wenyewe, bila haraka:

*Anasema vifaa zote ni sawa. Chagua ukipendacho.*

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akakata neno "zote", akaandika juu yake "vyote". Akamrudishia daftari.

"Vi, vyo. Mpaka lini?" alisema. Kisha, bila kusitasita, akaigusa ile punje ya mahindi. "Hiki. Sitaki mtu aone."

Mpimaji aligeuka na bakuli lake, akaona kidole kilipo, akakunja uso. "Umemweleza?"

"Nimemweleza yote. Ndivyo anavyotaka."

"Lakini…"

"Dada yangu akishaamua kitu," Kisanduku alisema, "unamjua? Mimi namjua."

Wiki mbili baadaye vifaa vilikuwa tayari. Katika chumba kile kimya, mtu mmoja tu mbele yake akiongea polepole, Mwalimu alisikia kiasi, na furaha ikamfanya ashike mkono wa mpimaji kwa mikono yake miwili. Alirudi nyumbani akijitazama kwenye kila kioo cha dirisha njiani. Kweli, hakuna kilichoonekana.

Nyumbani mambo yakawa mengine. Kila alipotafuna, kifaa kilijisukuma nje. Kila alipoinamisha kichwa, kilipiga mluzi uliosikika hadi uani, na yeye peke yake ndiye asiyeusikia. Asubuhi moja alijaribu kubadili betri, ikamponyoka. Alipiga magoti chini ya meza akipapasa sakafu kwa viganja. Kisanduku alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Aliiona betri. Ilikuwa imesimama wima kwa ubavu, ikimetameta karibu na mguu wa kabati, hatua moja kutoka alipo. Alikunywa chai yake taratibu akaimaliza. Ndipo akaenda, akainama, akaiokota.

"Umeipata wapi?" Mwalimu alihema.

Kisanduku akaonyesha kwa kidole.

"Macho yangu nayo!" alisema Mwalimu, akicheka kwa aibu. "Bila wewe sijui ningefanyaje."

Hilo lilimchoma Kisanduku kwa muda wa dakika moja hivi. Kisha likapita.

Siku ya uchaguzi ukumbi wa shule ulijaa. Panka tatu zilizunguka darini zikigugumia, viti vya chuma vilikwaruza sakafu, watoto wachanga walilia migongoni. Mwalimu aliingia na gauni lake la kijivu, nywele zimesukwa upya, masikio wazi ili kila mtu ayaone yalivyo matupu. Daftari alilikataa mlangoni.

"Leo sina haja nalo," alimwambia mdogo wake. "Kaa pale ukutani."

Kisanduku akakaa pale ukutani. Kutoka hapo aliiona midomo ya wote.

Katibu alisimama. Alianza na sifa, na sifa zilikuwa ndefu. Mwalimu alimtazama huku ameinamisha kichwa kidogo, na kifaa cha kushoto kikapiga mluzi mkali. Watu wa mstari wa mbele wakageuka. Mtoto mmoja akajaribu kuuigiza, akafinywa na mamake. Mwalimu aliendelea kutabasamu. Kisanduku aliijua ile tabasamu. Aliitumia mwenyewe miaka mingi. Ni ya mtu anayesikia dhoruba ya viti na panka na vikohozi, akingoja uso wa mbele yake umwambie kama ni la kuchekea au la kulilia.

"Kwa hiyo," katibu alikuwa akisema, "kwa heshima zote, napendekeza mama yetu apumzishwe leo, na asirudi tena kwenye kamati hii, si kama mwenyekiti wala kama mjumbe. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Mmoja, mitano, ishirini. Mwalimu aliiona ikipanda, na uso wake ukang'aa. Alimtazama mdogo wake ukutani, kwa mara ya kwanza siku ile, akimuuliza kwa macho: ndiyo hivyo? Ni mimi?

Kisanduku angeweza kutikisa kichwa. Msogeo mdogo tu. Hakupepesa hata macho.

Mwalimu akanyoosha mkono wake juu.

Kisha mtu wa nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikasambaa safu kwa safu. Mwalimu alidhani ni furaha. Alisimama, mkono bado juu, akasema kwa sauti yake ya gwaride, "Ahsanteni. Ahsanteni sana. Nimekubali kwa moyo wote, na sitawaangusha."

Hata mjane aliyekuwa mle ndani, yule aliyeambiwa hongera, alijifunika uso kwa kanga. Haikujulikana analia au anacheka.

Njiani Mwalimu aliongea bila kupumua. Atapaka rangi madarasa. Atamtoa yule katibu, ana kiburi. Walipofika sebuleni akaketi, akavua viatu, akauliza, "Nimepata kura ngapi? Umehesabu?"

Kisanduku alifungua daftari. Aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, na safari hii hakukosea hata irabu moja: *Walipiga kura ya kukuondoa. Na wewe uliinua mkono.*

Mwalimu alisoma. Alisoma tena. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, lakini hakukuwa na cha kusahihisha. Alikaa vile hadi giza likaingia, na Kisanduku hakuwasha taa. Alikwenda chumbani kwake akangoja majuto yaje, kwa sababu alikuwa mtu mwenye kumwogopa Mungu na alijua yanapaswa kuja. Alilala fofofo.

Binti wa Mwalimu alikuja Ijumaa, baada ya kupigiwa simu na majirani. Alimkuta mama yake hajaoga siku tatu. Hakuuliza maswali mengi; alimvalisha, akampakia kwenye teksi, akampeleka mwenyewe kwa mpimaji. Walikaa huko asubuhi nzima.

Waliporudi Kisanduku alikuwa uani akianika mashuka. Mwalimu alitokea mlangoni. Nyuma ya kila sikio lake kulikuwa na kifaa kikubwa cha rangi ya kahawia, cha kuazima hadi vyake viwe tayari, mrija unaonekana wazi, na hakufanya juhudi yoyote kuuficha. Mkononi alikuwa na daftari, amelifungua mahali.

"Yule kijana ameniuliza kwa nini sikumsikiliza," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, sasa alijisikia. "Nikamwambia, wewe mwenyewe ulisema vyote ni sawa. Akaona haya, maskini. Akadhani kosa ni lake." Aliinua daftari. "Nilisahihisha sarufi, nikaacha uongo upite."

"Mama mdogo," binti alisema kwa machozi, "niambie ulikosea kuelewa. Sema tu hivyo, yaishe."

Kisanduku aliliacha shuka. Hakutafuta kalamu. Aliongea, kwa mdomo wake mwenyewe, na maneno yalimtoka yamejipanga kama yaliyongoja foleni.

"Sikukosea. Nilimwelewa kila neno. Ulisimama dirishani ukanipa mgongo, dada. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikaa na kalamu yangu nikitazama mgongo wako, nikawa naomba ugeuke. Mara moja tu. Nilidhani hukujua. Mama aliniapia kwamba hukujua. Wewe ukaja kumsimulia mtu baki, unacheka, unajipiga kifua. Kwa hiyo ndiyo, niliandika. Na ukumbini niliona mikono, nikaona ukiniangalia. Na betri pia niliiona. Ningeandika tena."

Mwalimu alimsikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Hakukunja uso, hakumkatiza. Binti yake alidhani sasa atamfukuza mama mdogo, au atampiga kofi, au kwamba hawa wanawake wawili wazee hatimaye wataangukiana walie. Mwalimu alingoja mpaka mdogo wake alipokwisha, akangoja kidogo zaidi.

"Nilikuwa nimesahau," alisema.

"Umesahau nini?"

"Sauti yako. Miaka mitatu sikuisikia sawasawa. Ni mbaya sana, Kisanduku. Kama mtu anayeongea ameingiza kichwa ndani ya ndoo."

"Mama!" binti alipiga kelele.

"Hakuna aliyekuambia," Mwalimu aliendelea, kwa utulivu, kama anayetoa alama. "Baba alitukataza. Ndiyo maana sikuwahi kukuambia usome kwa sauti darasani. Kwa mwalimu aliyenitangulia ulisoma mara moja, watoto wakacheka mpaka wakalia, na wewe ukacheka nao. Ulidhani hadithi ndiyo iliyowafurahisha."

Akafunga daftari, akaliweka juu ya ndoo ya nguo, akaingia ndani.

Jumatatu Kisanduku alirudi kazini. Pale karakanani yeye ndiye aliyekuwa mpiga soga mkubwa. Wakati wa chai alisimulia visa vya mtaani, akaigiza watu, na wenzake wakacheka, kila siku, kwa miaka yote. Siku hiyo alikunywa chai kimya. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa. Aliwatazama wenzake wakicheka jambo lao wenyewe, akaitazama midomo yao na macho yao, mmoja baada ya mwingine.

Mchana, mashine ilipozimwa ili kisu kinolewe, alimwendea mkata karatasi, mzee mwenziwe ambaye wamefanya naye kazi miaka ishirini na mbili, mtu asiyejua kuficha kitu. Alimgusa bega.

"Nikuulize," alisema. "Sauti yangu ikoje?"

Mzee alifuta mikono yake kwenye aproni. "Ya kawaida tu," alijibu. "Ya kawaida kabisa. Kwa nini?"

Alijibu upesi mno, na alipojibu alikuwa akitazama kisu.